MDHARAU MWIBA: HERUFI ZETU NDANI YA KOMPYUTA

Wahenga walinena, mdharau mwiba mguu huota tende. Mpenzi msomaji, wako wanaodhani kwamba kile kialama kidogo kilicho juu ya ĩ na ũ ni pambo tu. Ebu mwulize mwenzetu mmoja hapa chamani. Tulitunga programu ya orodha ya wanachama kwa lugha ya Python, tukalitafuta jina lake, na kompyuta ikajibu: "Hayupo!" Loo! Naye alikuwa ameketi pale pale akitutazama. Tangu siku hiyo maswali hayajaisha. Haya hapa majibu ya yale yanayoulizwa sana.

Stringi ni kitu gani?

Ni herufi na alama zilizotungwa kwa mfuatano, kama shanga katika uzi mmoja. Kompyuta haijui a wala b, inajua nambari tu. Kwayo, A ni 65 na a ni 97. Ndiyo maana ukiiambia ipange Runyenjes, chuka na Maua, itaanza na Maua, kisha Runyenjes, na chuka itavuta mkia! Herufi kubwa zina nambari ndogo, kwa hivyo hutangulia. Dawa ni kuyalinganisha maneno yote yakiwa kwa herufi ndogo.

Mbona 7 kujumlisha 8 ikawa 78?

Kwa sababu kinachoingia kupitia kibodi ni stringi, si hesabu. Kompyuta imeunganisha nyuzi mbili tu, haikujumlisha chochote. Zigeuze kwanza ziwe nambari kwa amri ya int, nawe utapata 15 yako.

Mbona ng'ombe anakataa kuingia zizini?

Ukiandika 'ng'ombe', kompyuta hudhani stringi imefungwa baada ya ng. Basi "ombe" linabaki nje ya ua na programu inagoma. Tumia alama za kufungulia na kufungia zilizo mbili mbili: "ng'ombe". Ataingia bila kiboko.

Na yule mwenzetu je, alipoteaje?

Hapa ndipo penye mwiba. Mpango wa herufi uitwao ASCII, uliotolewa Marekani mwaka wa 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu. Ĩ na ũ zetu hazikupewa hata kigoda. Mwaka wa 1991 ulitokea mpango mpana zaidi, Unicode, na humo ĩ ikapewa 297 na ũ ikapewa 361. Lakini Unicode inaruhusu pia njia ya pili: unaandika u ya kawaida, halafu unaiongezea kialama peke yake, nambari 771. Machoni pako ni pacha. Kwa kompyuta ni watu wawili wasiojuana! Hata neno mũtĩ, yaani mti, lina urefu wa 4 kwa njia ya kwanza, na 6 kwa njia ya pili.

Orodha yetu iliandikwa kwa njia moja, na aliyetafuta akatumia nyingine. Dawa yake ni amri ya normalize, iliyo katika maktaba ya unicodedata. Huyaleta maandishi yote katika njia moja kabla ya kulinganishwa.

Wengine walishauri ati tuvifute hivyo vialama, mambo yaishe. Hapana, ndugu zangu! Lugha zetu za Mlima Kenya zina vokali saba, nayo i si ĩ. Ukiifuta, orodha itatii, lakini jina litakalobaki si lile aliloitwa nyumbani kwao. Programu ndiyo ijifunze jina la mtu, si mtu abadilishe jina kwa ajili ya programu.

Mwenzetu sasa yumo orodhani, na kialama chake kichwani kama kofia. Kwaherini, wapenzi wasomaji!