Upasuaji wa urembo hauponyi maradhi ya kujiona na kasoro

SI kila anayekwenda kwa daktari wa upasuaji wa urembo anahitaji kisu. Miongoni mwao wamo wanaosumbuliwa na maradhi ya akili yanayomfanya mtu aamini kuwa pua, ngozi au nywele zake zina kasoro kubwa, ilhali wenzake hawaioni kabisa, au huiona kuwa ndogo mno.

Maradhi hayo, yanayojulikana kitaalamu kama dismofia, yalipewa jina kwa mara ya kwanza mwaka 1891 na daktari wa Italia, Enrico Morselli. Huwapata wanawake na wanaume, na aghalabu huanza katika umri wa balehe.

Mgonjwa hujitazama kwenye kioo mara kwa mara, au hukikwepa kioo kabisa. Huwauliza jamaa zake swali lile lile kila siku, lakini jibu halimtulizi. Baadhi huacha shule au kazi, na wapo wanaofikia hatua ya kutaka kujiua. Kwa hiyo si haki kuyaita majivuno.

Wataalamu hukadiria kuwa maradhi haya huwapata takriban watu 2 katika kila 100. Miongoni mwa wanaotafuta matibabu ya urembo, kiwango hicho hupanda mara kadhaa, hasa kwa wanaotaka kurekebishwa pua.

Tatizo ni kwamba upasuaji hubadili pua, lakini haubadili namna mgonjwa anavyoiona. Wengi hawapati nafuu. Wasiwasi hubaki pale pale, au huhamia kwenye kidevu ama ngozi. Huko ndiko fedha zinakopotea na makovu kuongezeka, na wengine huishia kumlaumu daktari.

Tiba iliyothibitishwa ni ya kisaikolojia, inayomzoeza mgonjwa kuzihoji fikra zake na kupunguza kujikagua, pamoja na baadhi ya dawa zinazotumika kutibu sonona. Mwaka 2005, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, iliwataka madaktari wawahoji wanaoshukiwa: je, sura yako hukutia wasiwasi mwingi? Huifikiria kwa saa ngapi kwa siku? Hukuzuia kufanya kazi au kukutana na marafiki?

Anayeona kuwa fikra hizo humchukulia zaidi ya saa moja kila siku ni vyema amwone daktari wa magonjwa ya akili kabla ya kulipia upasuaji.