Je, wajua ukoo wenu huugua nini?

Miongoni mwa maswali yote ambayo daktari humwuliza mgonjwa, lipo moja ambalo hujibiwa upesi kuliko mengine. Swali lenyewe ni hili: "Kwenu kuna mtu mwingine aliyewahi kuugua ugonjwa kama huu?" Na jibu, mara nyingi kabla swali halijaisha, ni: "Hakuna, daktari."

Msomaji mpenzi, huenda nawe umewahi kutoa jibu hilo. Hukusema uongo, kwani ulisema ulilolijua. Lakini kutojua jambo si sawa na jambo hilo kutokuwapo, na tofauti baina ya mawili hayo yaweza kuwa uhai wa mtu.

Chukua mfano wa mwanamume mmoja aliyekuja kwangu akilalamika kuumwa na kichwa. (Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.) Alikuwa na umri wa miaka 41, dereva wa lori, mwenye mwili wa nguvu. Nilipompima presha nilipata 180 kwa 110. Nikamwuliza kama kwao kuna mwenye presha au aliyewahi kupooza. Akasema hakuna. Nikamwuliza marehemu babake aliugua nini. Akasema hakuugua chochote, alikufa tu.

Mamake, aliyekuwa amemsindikiza na kuketi karibu na mlango, akakohoa kidogo.

"Daktari, huyu alikuwa mtoto, hajui," akasema. "Babake alitoka kukamua ng'ombe asubuhi akaanguka. Mdomo ukaenda upande, mkono mmoja ukalegea, na siku ya tatu akatuacha. Alikuwa hajatimiza miaka 50. Watu walisema ni mambo ya shamba, kwamba alitegewa kitu njiani."

"Na ndugu zake, mama?"

"Mkubwa wake alikwenda hivyo hivyo."

Mwana akamtazama mamake kwa mshangao. Kwa zaidi ya miaka 30 walikuwa wameishi katika boma moja, na habari hiyo haikuwa imewahi kutajwa. Nami nikauliza swali lililobaki: je, huyu bwana ana ndugu? Alikuwa na kaka wa miaka 46 ambaye hakuwa akiumwa na chochote. Alipokuja wiki iliyofuata tulipata presha yake ni 190 kwa 115. Hakuwa na dalili yoyote, na laiti mama yule angenyamaza siku ile, hakuna ambaye angefikiria kumpima.

Majina ya nyumbani

Kwa nini familia nyingi hazijui magonjwa yao? Sababu moja ni kwamba ugonjwa nyumbani hauitwi kwa jina linaloandikwa hospitalini. Huitwa kwa jinsi ulivyoonekana. Mzee "alianguka" au "alipigwa na upepo": hapo daktari hufikiria kiharusi. Nyanya "mguu ulioza ukakatwa": huenda ulikuwa ugonjwa wa kisukari. Mjomba "chakula kilikataa kupita kooni akakonda": yaweza kuwa saratani ya umio. Shangazi "alikuwa na uvimbe kifuani akauficha": saratani ya matiti. Babu "alipofuka kwa uzee": pengine ilikuwa mtoto wa jicho, lakini pengine ilikuwa glakoma, ambayo huharibu mshipa wa jicho polepole bila maumivu, na ambayo huwapata zaidi watu ambao mzazi au ndugu yao anayo. Uwezo wa kuona uliopotea kwa glakoma haurudi, bali uliosalia waweza kulindwa kwa dawa za matone au upasuaji. Ndiyo maana mwenye mzazi aliyepofuka hivyo yafaa apimwe macho mapema, wala asingoje kuona ukungu.

Sababu ya pili ni aibu na hofu. Kifafa, magonjwa ya akili na vifo vya watoto wachanga ni mambo yanayofunikwa, hasa binti anapokaribia kuolewa. Na pale mauti yalipohusishwa na uchawi, uchunguzi uliishia papo hapo, kwani mwenye makosa alikuwa amekwisha kupatikana.

Unapouliza, basi, usimwulize mzee, "Nyanya alikuwa na kansa?" Yeye huenda hakuwahi kulisikia neno hilo likitajwa. Mwulize, "Alianza kuumwa wapi? Alikuwa na umri gani? Aliugua kwa muda gani? Alikonda, alivimba, alikuwa akienda haja ndogo mara kwa mara?" Ikiwa hajui umri, mwulize kama mtoto wake wa mwisho alikuwa ameanza shule, au kama ilikuwa kabla ya uhuru au baadaye. Yaandike maneno yake jinsi alivyoyasema, kisha umwachie daktari kazi ya kuyafasiri.

Nani aulizwe, na kuhusu nani

Anza na walio karibu nawe kwa damu. Mzazi wako, mtoto wako na ndugu yako wa baba mmoja na mama mmoja wana takriban nusu ya chembe za urithi ulizo nazo. Babu, nyanya, ami, shangazi, mjomba na mama mdogo wana takriban robo. Binamu ana thumuni. Kadiri mtu alivyo karibu nawe, ndivyo ugonjwa wake unavyokuhusu zaidi.

Hapa lugha zetu nzuri huweza kutupotosha. Neno "ndugu" lina upana mkubwa. Laweza kuwa wa tumbo moja, wa baba mmoja na mama tofauti, binamu, au hata mtu wa ukoo tu. "Mama" aweza kuwa dada ya mama. Isitoshe, katika jamii zetu nyingi watoto hupewa majina ya babu na nyanya zao, hata ukasikia jina moja katika vizazi vitatu. Kwa hiyo usiandike jina peke yake. Andika: "babake mama", "dada ya baba, wa mama mmoja naye". Kalamu na daftari la shule vyatosha. Weka vizazi vitatu, wakubwa juu na watoto chini, upande wa baba mkono mmoja na wa mama mkono wa pili.

Usisahau upande wowote. Wako wanawake wanaodhani kwamba saratani ya matiti hutoka kwa mama pekee. Sivyo. Jeni mbili zinazojulikana zaidi kwa kuleta saratani hiyo ya kurithi, BRCA1 iliyotambuliwa mnamo 1994 na BRCA2 iliyotambuliwa mnamo 1995, mwanamke aweza kuzipata kwa babake vilevile. Dada za baba nao waulizwe.

Watu wa kuwaendea ni wale wanaokumbuka, nao aghalabu ni wanawake: shangazi aliyemwuguza babu, nyanya aliyewazalisha wake za wanawe. Waendee wakiwa hai na wakiwa na nguvu. Kila mzee tunayemzika huenda na sehemu ya daftari hilo.

Karatasi nazo husema. Tafuta kadi za zamani za hospitali, barua za kulazwa, wasifu wa marehemu uliosomwa mazishini, na cheti cha kifo. Lakini kisome cheti hicho kwa tahadhari. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilienezwa nchini hatua kwa hatua, ikafika kila pembe ya Kenya kufikia 1971, hivyo vifo vingi vya kabla ya hapo havina karatasi. Tena, mtu akifia nyumbani, kifo chake huarifiwa kupitia kwa naibu wa chifu, na chanzo huandikwa kama jamaa walivyoeleza. "Malaria" iliyo kwenye cheti cha namna hiyo yaweza kuwa malaria kweli, na yaweza kuwa homa nyingine kabisa.

Ishara za kuangalia

Si kila ugonjwa uliomo katika ukoo ni wa kutisha. Mzee wa miaka 85 kufa kwa moyo si ajabu. Yapo mambo manne ambayo mimi nikiyasikia huweka kalamu chini na kusikiliza vizuri.

La kwanza ni ugonjwa uliokuja mapema: mshtuko wa moyo kwa baba au kaka kabla ya miaka 55, au kwa mama au dada kabla ya miaka 65, saratani ya matiti kabla ya miaka 50. La pili ni ugonjwa mmoja kuwapata watu wawili au zaidi wa upande mmoja. La tatu ni ugonjwa mahali usipotarajiwa, kama saratani ya matiti kwa mwanamume. La nne ni watoto kadhaa wa mama mmoja kufa wakiwa wadogo.

Ukiwa na mojawapo ya haya, mweleze daktari wako, kwani huenda ukahitaji kupimwa mapema kuliko wenzako. Mathalani, ikiwa mzazi au ndugu alipata saratani ya utumbo mpana, ushauri wa kawaida ni kuanza uchunguzi ukiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliougua yeye, lolote litakalotangulia. Aliyeugua akiwa na miaka 45, ndugu zake waanze wakiwa na 35.

Watoto wanaolia viungo

Jambo hili la nne lanirudisha kwenye ugonjwa wa selimundu. Mnamo 1954 Daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu ugonjwa huu umeenea zaidi kandokando ya Ziwa Victoria, magharibi mwa nchi na Pwani, ambako malaria imekuwako tangu jadi, kuliko kwenye nyanda za juu zenye baridi.

Aliyerithi kwa mzazi mmoja huishi kwa afya na aghalabu hajijui. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa: vidole vinavimba, viungo vinauma, macho yanakuwa manjano, damu inapungua. Si kwamba mtoto wa nne ndiye atakayeugua. Kila mimba huanza hesabu yake upya.

Nimewaona akina mama waliofukuzwa kwa waume zao kwa kuwa "wanazaa watoto wa kufa". Basi na lieleweke wazi: mtoto hawezi kuugua selimundu ya aina hii bila kupokea jeni moja kwa mama na nyingine kwa baba. Hakuna wa kulaumiwa. Kama kwenu au kwa mchumba wako kuna watoto waliokufa hivyo, ombeni nyote wawili kipimo cha damu kinachoonyesha aina ya hemoglobini kabla ya kupata mtoto. Na mtoto akizaliwa nao si mwisho wa dunia. Akijulikana mapema, akipewa penisilini, chanjo na, inapohitajika, dawa ya haidroksiyurea, ana nafasi kubwa ya kukua na kusoma kama wenzake.

Kurithi si kuhukumiwa

Wako wanaoogopa kuuliza kwa kuhofia watakalolisikia. Nawaambia kwamba kurithi uwezekano wa kuugua si kurithi ugonjwa. Tena familia haigawani damu peke yake. Hugawana chumvi mezani, sukari katika chai, moshi jikoni, sigara na pombe. Presha na kisukari cha ukubwani hutokana na yote mawili. Damu hatuwezi kuibadilisha, lakini kijiko cha chumvi twaweza. Kifua kikuu nacho chaweza kumaliza nyumba nzima, lakini hicho huambukizwa, hakirithiwi. Mtaje hata hivyo aliyekuwa nacho, hasa kama mliishi pamoja.

Uliza kwa heshima. Siku hizi koo nyingi zina kundi la WhatsApp, na ni rahisi kuandika huko, "Nani anajua babu aliugua nini?" Kuhusu marehemu wa zamani hakuna ubaya, na mara nyingi jibu hutoka kwa jamaa usiyemtarajia. Lakini ugonjwa wa aliye hai ni siri yake. Mwendee faraghani, na akikataa kusema mwache. Na wewe unayejua ugonjwa wako, waambie ndugu na watoto wako kabla hawajakuuliza.

Na mama unayemlea mtoto peke yako, hata kama wewe na babake hamsemezani, lipo swali moja la haki ya mtoto: kwao huugua nini? Likiwa zito kwako, mtume shangazi au rafiki mwaminifu. Aliyelelewa na wasio wazazi wake na asiyepata wa kumwuliza, amwambie daktari hivyo, "Sijui", wala asiseme "Hakuna". Neno hilo "sijui" litamfanya daktari apime badala ya kudhani.

Wale ndugu wawili wanatumia dawa hadi leo, na presha yao imeshuka. Dereva ana wana watatu. Safari iliyopita alinionyesha daftari la mtoto lenye jalada la buluu. Mlikuwa na babu wawili na nyanya wawili, na mbele ya jina la babake alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: KIHARUSI, MIAKA 49. Chini yake, ameandika jina lake mwenyewe na ugonjwa wake. Akaniambia kwamba daftari hilo hukaa sandukuni pamoja na hati ya shamba, na kwamba wanawe wote wanajua liliko.