Obuya: Mkono Ulioajiriwa Uingereza

Jina la Obuya ni la Kijaluo, na huko Kisumu na vijiji vya ufuo wa Ziwa Viktoria halihitaji kuelezwa. Ajabu ni mchezo wenyewe, maana watu wa Kisumu ni wa kandanda na Gor Mahia.

Collins Obuya, mzaliwa wa Nairobi, mwaka 1981, alikuwa mrusha mpira wa kriketi. Februari 24, 2003, katika Kombe la Dunia, aliwarushia Sri Lanka mipira ya kuzunguka pale Nairobi, akawatoa watu watano kwa mikimbio 24 tu! Kenya ikafika nusu-fainali. (Nasi wa pwani tulikuwa na wetu humo, Aasif Karim wa Mombasa.)

Mwaka huohuo Warwickshire ya Uingereza ikamwajiri. Riziki ilionekana kufunguka. Lakini majeraha yakamwandama, na ule mzunguko wa mpira ukampotea mkononi. Wengi wangerudi nyumbani wakakaa. Yeye alishika gongo. Machi 13, 2011, mjini Bangalore, aliwapiga Waaustralia mikimbio 98 bila kutolewa. Ilibaki miwili tu kutimia mia.