Mchezo wa Mtoto Huanzia Jikoni

Asubuhi, kabla ukungu haujaondoka kwenye milima ya Uluguru, kazi za nyumbani huwa zimekwisha kuanza Mafiga, katika Manispaa ya Morogoro. Mama huchambua mchicha, bibi huosha vyombo, na mara nyingi mtoto wa mwaka mmoja na nusu hukalishwa pembeni na kupewa simu ili asisumbue. Akinyamaza, husifiwa kuwa ni mtulivu. Kumbe utulivu huo una gharama. Katika umri wa mwaka mmoja hadi mitatu ubongo hukua kwa kasi, na hujengeka mtoto anapogusa, anapojaribu na anapojibiwa. Simu haimjibu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja asitazamishwe skrini kabisa, na wa miaka miwili asizidishe saa 1 kwa siku. Aidha, watoto wa umri huo wanahitaji angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku. Muda huo unaweza kupatikana ndani ya kazi za nyumbani zenyewe, mradi mtoto ashirikishwe.

Mama anapopanga vitu vilivyotoka sokoni, mtoto aweke vitunguu katika bakuli moja na nyanya katika jingine, huku akitajiwa majina na rangi. Bibi anapopumzika, ajifunike kanga usoni kisha ajifunue. Mtoto hujifunza kwamba kisichoonekana hakijapotea. Sufuria na mwiko humfaa kwa ngoma, na vikombe vya plastiki kwa kupanga na kubomoa. Jioni, baba amrushie mpira wa matambara naye aukimbilie. Lililo muhimu katika michezo yote ni mtu mzima kumwangalia mtoto, kusubiri ishara yake na kumjibu. Akisema “maji”, aambiwe: “Ndiyo, maji baridi.”

Faida ya michezo ya namna hii imethibitishwa. Huko Kingston, Jamaica, katika miaka ya 1980, watafiti waliwafuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka 2 na wahudumu wa afya ya jamii, ambao waliwafundisha mama kucheza na watoto wao kwa vifaa vilivyotengenezwa nyumbani. Baada ya miaka 20, kipato cha waliopata michezo hiyo kilikuwa juu kwa asilimia 25 kuliko cha wenzao waliodumaa ambao hawakuipata. Wahenga walinena: figa moja haliinjiki chungu. Lishe na chanjo ni mafiga mawili. Mchezo na mazungumzo ni la tatu.

Mchezo uwe salama. Karanga, maharage, punje za mahindi na vifuniko vya soda vinaweza kumkaba mtoto. Ndoo ya maji isiachwe wazi, kwa kuwa hata maji machache huweza kumzamisha. Jiko la mkaa liwe mbali naye, na mafuta ya taa yasihifadhiwe kamwe katika chupa ya kinywaji.

Watoto hawakui kwa mwendo mmoja, lakini zipo dalili zisizofaa kusubiriwa. Mtoto asiyetembea akiwa na miezi 18, asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka 2, asiyegeuka aitwapo au anayepoteza uwezo aliokwisha kuupata, apelekwe kituo cha afya mapema. Si vema kungoja kwa kuambiwa kwamba hata baba yake alichelewa kusema.

Kwa wahudumu wa afya, nafasi nzuri ni siku ya kliniki. Mtoto anapopimwa uzito, mzazi aulizwe maswali mawili: “Unachezaje na mtoto wako? Unazungumzaje naye?” Akijibu kwamba mtoto bado mdogo, haelewi kitu, asikemewe. Mhudumu achukue kikombe, akifunike kwa kitambaa mbele ya mtoto, kisha ampishe mama ajaribu mwenyewe. Mtoto akifunua na kucheka, mama atakuwa ameona kwa macho yake kwamba anaelewa.