Mtego wa Zawadi

Wahenga walisema, "Mtego bila chambo haunasi." Atakaye kunasa panya hutia dagaa mkavu mtegoni, kwa maana panya hawezi kuingia humo kwa kupenda waya na mbao. Watu nao wana chambo chao, na kimoja kizuri kuliko vingi ni zawadi. Katika somo hili tutautazama mtego mmoja utegwao katika kurasa za intaneti, ili tujue umetengenezwaje na dalili zake ni zipi.

Tuseme mwanafunzi ameazima simu ya mama yake atafute habari za Ziwa Tanganyika. Amefungua kivinjari, yaani ile programu ya kusomea kurasa za intaneti, naye anasoma kwa utulivu. Mara dirisha jingine latokea juu ya ukurasa wake, lina rangi nyingi na maneno haya: "Hongera! Wewe ni mgeni wa 1,000,000. Umejishindia simu mpya. Bonyeza hapa." Chini yake saa yahesabu kurudi nyuma, nayo yaonyesha kwamba zimebaki dakika 3 tu.

Je, dirisha hilo limetoka wapi? Huenda mwenye ukurasa ule wa ziwa ni mtu mwaminifu. Lakini wenye kurasa wengi hukodisha nafasi za matangazo, na matangazo hayo hupitia mikono ya madalali kadha wa kadha. Humo ndimo walaghai wanamopenyea. Ufundi wenyewe haukubuniwa kwa ajili ya wizi. Katika miaka ya 1990, Mmarekani aitwaye Ethan Zuckerman, akifanya kazi katika kampuni ya Tripod, aliandika maagizo ya kompyuta yaliyofungua tangazo katika dirisha lake peke yake. Mwaka 2014 aliandika makala na kuomba radhi kwa jambo hilo.

Basi sasa tuziangalie dalili.

Dalili ya kwanza: hakukuwa na mashindano. Mtu hawezi kushinda mbio asizokimbia, wala bahati nasibu asiyoingia. Ile hesabu ya 1,000,000 haikuhesabiwa na mtu. Kila afikaye huambiwa maneno yale yale.

Dalili ya pili ni haraka. Saa ile imewekwa ili usipate nafasi ya kufikiri wala ya kumwuliza mkubwa wako. Mara nyingi ukiufungua ukurasa upya, saa nayo huanza upya. Tena sifa za "washindi" zilizoandikwa chini yake huwa zimetungwa na mlaghai mwenyewe.

Dalili ya tatu: dirisha hujifanya linakujua. Hutaja mji wako na aina ya simu yako, nawe washangaa. Usishangae. Kivinjari huueleza kila ukurasa aina ya chombo kinachotumika, na namba ya mtandao huonyesha nchi, pengine hata mji. Ni kama muhuri wa posta juu ya bahasha: auonaye hujua barua ilikotoka, lakini hamjui aliyeiandika.

Dalili ya nne imo katika anwani iliyo juu ya ukurasa. Anwani husomwa kama jina la Juma bin Ali: nyumba ni ya Ali, ingawa Juma atangulia. Vivyo hivyo, jina la benki likitangulia, kisha likafuatwa na nukta na jina jingine lililo karibu na mwisho kama .com au .co.tz, mwenye ukurasa ni yule wa jina la pili, wala si benki. Wala usiridhike kwa kuona alama ya kufuli. Kufuli maana yake ni kwamba maneno yako hayasomwi njiani. Haituambii kwamba ayapokeaye ni mwaminifu. Hata mwizi aweza kufunga bahasha vizuri.

Dalili ya tano ndiyo kubwa kuliko zote. Mtoaji wa kweli hutoa, lakini huyu huanza kwa kuomba. Huomba namba ya kadi ya benki ili ulipe "nauli" ndogo ya zawadi, kisha hukata fedha tena na tena. Huomba namba ya siri ya simu, ambayo hakuna kampuni ya haki ikuombayo. Au husema, "Watumie rafiki zako 15," ili wewe mwenyewe umtegee mitego. Ada ya shule iliyowekwa katika simu ya mama yaweza kutoweka hivi kwa siku moja.

Basi dirisha la namna hii likitokea, usibonyeze lolote ndani yake, hata ile alama ya kufungia, kwa kuwa yaweza kuwa ni picha tu. Funga ukurasa wote, au kivinjari chenyewe. Ukiulizwa kama waruhusu arifa, kataa. Na ikiwa umekwisha kuandika namba yoyote, usione haya wala usifiche. Mwambie mzazi saa ile ile, ili awahi kuipigia simu benki au kampuni ya simu. Siri hii humfaa mwizi peke yake.

MASWALI
1. Kwa nini dirisha laweza kuutaja mji wako bila kukujua?
2. Alama ya kufuli yatuambia nini, na haituambii nini?
3. Eleza tofauti ya mtoaji wa kweli na mlaghai.