Tunzo ni la Nani?

Katika taarab asilia, wageni humwendea mwimbaji kwa mwendo wa taratibu, noti mkononi. Huko ndiko kutunza. Sisi watano wa kikundi cha chama chetu, tunaopiga harusini hapa London, tumeona kuwa desturi hiyo nzuri huweza pia kuvunja kikundi.

Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, nyingi zikiwa tatu tatu kwa kila sauti. Majira ya baridi, ikitolewa nje na kuingizwa kwenye ukumbi wenye joto, sauti zote hupotea. Mpigaji huinama juu yake kabla wageni hawajafika, akikaza uzi mmoja mmoja. Wa udi na fidla nao wana nyuzi za kununua. Lakini anayetunzwa ni mwimbaji.

Palitolewa rai tufuate taarab ya kisasa ya Unguja: kinanda cha umeme kishike nafasi ya ala nyingi. Gharama zingepungua, ila wenzetu wawili wangebaki nyumbani.

Aliyetuokoa ni mwimbaji mwenyewe. Alitaka tunzo zote ziingie fuko moja. Kwanza zitolewe nauli na fedha za nyuzi, kisha kinachobaki kigawiwe sawa. Sasa ndiye anayewaomba wenye harusi watufungulie ukumbi mapema, ganuni ipate kuzoea joto.

Mnaotaka kuanzisha kikundi, kabla ya kununua spika, kubalianeni kwanza juu ya fuko.