Tembea, Simama, Tazama: Dawa Iliyoko Ufukweni

Wengi wetu tunaoishi Mwanza tunalitazama ziwa kila siku bila kuliona. Tunalivuka kwa kivuko, tunakula samaki wake, tunafua kwa maji yake, lakini kutembea kando yake bila haraka tunaona ni kazi ya watalii. Mwezi huu tungependa kueleza kwa nini matembezi ya namna hiyo ni sehemu ya matibabu, hasa kwa wenye shinikizo la damu na kisukari, na namna ya kuyafanya ili usirudi nyumbani na ugonjwa mwingine.

KWA NINI WAGONJWA HUACHA KUTEMBEA?

Katika kliniki zetu kila mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari huambiwa afanye mazoezi. Anaitikia kwa kichwa, anaanza Jumatatu, na baada ya wiki tatu ameacha. Tukimwuliza sababu, mara chache atasema ni miguu. Mzee mmoja alitupa jibu ambalo hatujalisahau: "Nesi, nimechoka kuzunguka uwanja wa mpira kama maksai wa jembe. Hata maksai mwisho wa mtaro anaona shamba limelimwa. Mimi naona nini?"

Mzee yule alisema kweli. Vidonge humezwa kwa sekunde moja, lakini mazoezi huhitaji nusu saa kila siku, mwaka hadi mwaka. Kitu kisichopendeza hakidumu. Kwa hiyo swali la muhimu siyo tu "Mazoezi gani ni bora?" bali pia "Mazoezi gani nitayarudia kesho?" Hapo ndipo ziwa linapotusaidia.

MWILI UNAPATA NINI?

Misuli ya miguu ni mikubwa, nayo inapofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu na kuitumia. Ndiyo maana hata matembezi mafupi baada ya chakula husaidia kushusha sukari. Mtu akitembea mara kwa mara, mishipa yake hulegea vizuri zaidi na shinikizo la damu hushuka kidogo. Usiudharau udogo huo, kwa maana ukidumu miaka mingi hupunguza hatari ya kiharusi na ugonjwa wa moyo. Hali kadhalika, usingizi huwa bora na mawazo hupungua.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Zamani tulifundisha kwamba mazoezi chini ya dakika kumi mfululizo hayahesabiki. Mwongozo huo uliondoa sharti hilo, na sasa kila dakika inahesabika.

Lakini mazoezi ya wastani ni yapi? Ni mwendo ambao ukitembea unaweza kuzungumza, ila huwezi kuimba. Mwendo wa polepole kabisa ni bora kuliko kukaa, ila hautoshi peke yake. Kwa hiyo tunawashauri wagonjwa wetu hivi: chagua mti, jiwe au ndege aliye mbele yako, nenda mpaka hapo kwa mwendo wa kuchangamka, kisha simama utazame. Ukishapumua vizuri, chagua kingine. Muda wa kusimama ni mapumziko yako, na muda wa kwenda ndio dawa yenyewe.

MACHO YATAZAME NINI?

Mwanza huitwa Mji wa Miamba, na miamba hiyo ina wenyeji wake. Anza upande wa Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga, au zunguka Capri Point. Ukiwa huko utakiona Kisiwa cha Saanane, kilichoanzishwa kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kutangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Huna haja ya kuvuka kwenda huko ili uone viumbe. Wengi wako upande huu wa maji.

Mdiria mweusi na mweupe ndiye wa kuanza naye. Husimama hewani juu ya maji akipiga mabawa bila kusogea, halafu hujiangusha kama jiwe. Hapa kwetu hula dagaa kwa wingi. Mhesabie amejitupa mara ngapi kabla ya kupata.

Mnandi ni ndege mweusi anayezamia samaki. Manyoya yake hulowa maji, ndiyo maana baadaye utamkuta juu ya jiwe amekunjua mabawa kama nguo iliyoanikwa. Yangeyange, mweupe kama pamba, hutembea pole majini akivizia. Fundichuma, yule wa rangi ya udongo mwenye kichwa kama nyundo, hujenga kiota cha vijiti chenye paa, ambacho upana wake huweza kufikia meta moja na nusu. Furukombe, tai mwenye kichwa cheupe, mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona. Na penye mabaki ya samaki hakosi kongoti, korongo mkubwa mwenye upara. Sura yake haivutii, lakini husafisha uchafu tunaouacha sisi.

Juu ya miamba tafuta pimbi. Asubuhi hukaa juani kwa kundi, kwa sababu mwili wake haumudu vizuri kutunza joto. Ni mdogo kama sungura, lakini wataalamu wanasema ndugu zake wa karibu ni pamoja na tembo. Jua likishapasha mawe hutokea mjusi wa miambani, dume lenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu, akiinua na kushusha kichwa. Jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limetokana na mji wetu huu. Watoto wengi wa hapa wamempiga mawe bila kujua kwamba amebeba jina la kwao.

Mzee wetu wa maksai tulimshauri ahamie ziwani na kuhesabu midiria. Aliporudi kliniki alianza kutueleza habari za ndege kabla hatujamwuliza habari za dawa. Vidonge hakuacha, na wewe usiache. Matembezi husaidiana na dawa, hayachukui nafasi yake.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Tembea ukitazama njia, simama ukitazama ndege. Usifanye yote mawili kwa pamoja. Mawe ya ufukweni huteleza, na kwa mtu mzima kuvunjika nyonga ni jambo zito.

2. Usiingie majini. Hili tunalisisitiza sana. Watu wengi wakimaliza matembezi huosha miguu na kandambili ziwani. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na hupenya ngozi isiyo na jeraha kwa dakika chache tu. Kichocho cha kanda yetu ya ziwa zaidi hushambulia utumbo na ini, na mgonjwa anaweza kukaa nacho miaka mingi kabla ya kutapika damu. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inaponya, lakini haizuii kuambukizwa tena. Osha miguu nyumbani. Tena, penye matete na majani marefu usisogee ukingoni, kwa sababu ya mamba, kiboko na nyoka.

3. Mwenye kisukari avae viatu vya kufunika vidole, pamoja na soksi. Akirudi akague nyayo na katikati ya vidole. Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopwa, kwa maana kimewafikisha wengi kwenye kukatwa mguu. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi abebe sukari au pipi mfukoni. Akitetemeka, akitoka jasho jembamba au akichanganyikiwa, aketi na kuila mara moja.

4. Ikiwa shinikizo lako ni 180 kwa 110 au zaidi, fika kliniki kwanza kabla ya kuanza mazoezi. Ukiwa njiani ukabanwa kifua, ukakosa pumzi au ukaona kizunguzungu, simama na utafute msaada. Usijikaze.

5. Chagua saa nzuri. Kuanzia saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 2 jua halijakali na ndege wako kazini. Jioni nenda saa 11 na uwe nyumbani kabla ya giza, maana mbu wa malaria huuma usiku. Chukua maji ya kunywa, na usiende peke yako mahali pasipo na watu.

6. Usiwalishe wanyama wala kuwagusa. Kenge ukimkuta akiota jua, mpishe. Hana shida nawe usipomsumbua.

TUANZEJE?

Wiki ya kwanza tembea dakika 10 kwa siku. Kila wiki ongeza dakika 5, mpaka ufikie 30. Ukipata homa au siku mbaya, pumzika, kisha uanze tena pale ulipoweza, bila kujilaumu. Kama uko mbali na ziwa, kijito au bwawa lina ndege wake pia.

Tunaomba jambo moja zaidi. Siku ya kliniki, ukija na kadi yako, andika nyuma ya karatasi siku ulizotembea na kiumbe kimoja ulichokiona kila siku. Sisi wauguzi tutasoma orodha hiyo pamoja na vipimo vyako. Orodha ikiwa ndefu, tutajua dawa hii unaitumia.